Habari za Miiko ya Viongozi na Daftari la Mali Zao

Neno hongo leo hutamkwa kwa sauti ya chini. Walakini wazee wetu wa bara walilitamka waziwazi, maana kwao hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimtolea mtemi ili upite katika nchi yake na kunywa maji ya visima vyake. Njia kuu itokayo Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikatiza Ugogo, nchi kavu, na Wagogo walijulikana kwa hongo yao kuliko watu wote wa njia ile. Burton na Speke waliitoa walipopita miaka ya 1857 na 1858. Stanley akaitoa mwaka 1871, naye aliisimulia kwa manung'uniko mengi. Vilivyotolewa ni nguo za merikani na kaniki, na ushanga, na waya wa shaba. Na mashauri juu ya hesabu yake yaliweza kumaliza siku nzima.

Twapenda msomaji aangalie jambo moja katika hongo ile ya kale, nalo ni kwamba haikuwa siri. Wapagazi waliziona nguo zikihesabiwa, wazee wa baraza la mtemi waliziona, na mwenye msafara aliyekuja nyuma aliuliza yule wa mbele ametoa ngapi. Hatusemi kwamba ilitozwa kwa haki sikuzote. Mtemi mwenye kisima peke yake aweza kudai apendavyo. Lakini alichopokea kilijulikana. Tena hapakuwa na mpaka ulionyoka kati ya mali ya mtemi na mali ya nchi, kwa maana ghala yake ndiyo iliyotazamiwa wakati wa njaa.

Wadachi walipoishika nchi waliikomesha hongo, wakaleta kodi ya nyumba. Mpaka tunaousema ulikuja baadaye, wakati wa Waingereza. Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alitaka kuwatawala watu kwa mikono ya watemi wao wenyewe. Basi zile haki za kale, yaani mazao, na pombe, na siku za kulima shamba la mtemi, ziligeuzwa kuwa fedha pamoja na kodi, na mtemi akawekewa mshahara. Sheria ya watawala wa kienyeji ilitoka mwaka 1926. Kila utawala ukawa na hazina yake, na karani, na daftari la mapato na matumizi. Na karani huyo mara nyingi alikuwa kijana aliyesoma katika shule ya misioni. Hapo ndipo jambo geni lilipozaliwa. Mtemi aliyechukua fedha katika sanduku la kodi aliitwa mwizi, ijapokuwa babu yake alipotwaa sehemu ya mavuno aliitwa baba wa nchi. Wako waliopoteza kiti chao kwa hesabu za kodi zisizolingana, na twadhani wengine kati yao hawakufahamu hata mwisho wamekosa nini.

Watemi waliondolewa katika utawala kwa sheria ya mwaka 1963, Tanganyika ikiisha kupata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Mahali pao pakashikwa na watu wa kuchaguliwa. Wengi wa wasomaji wetu wamesikia kwa wazazi wao habari za uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wawili wa chama kimoja cha TANU, huyu na alama ya jembe, huyu na alama ya nyumba. Mbunge alipata mshahara uliojulikana na kazi iliyojulikana. Basi hatari ilikuwa wapi? Ilikuwa katika mambo ambayo daftari la hazina haliyaoni. Mtu mwenye cheo alikopeshwa fedha kwa urahisi, akajenga nyumba mjini, akaipangisha kwa kodi kubwa, na kodi ile ikajenga ya pili. Wakati huohuo alipewa kiti katika baraza la kampuni, akalipwa kwa kuketi. Hakuna shilingi ya umma iliyoibiwa hapo. Lakini siku ambayo shauri la kodi za nyumba au la kampuni hizo lilipoletwa mbele yake, alikaa upande upi wa meza?

Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kwenda Ikulu kulipinga Jeshi la Kujenga Taifa. Hawakutaka kukatwa sehemu ya mishahara yao ya siku za usoni, na hali viongozi wanakula mishahara minono. Mwalimu Nyerere alikasirika sana, akawarudisha kwao wapata 400. Lakini neno lao juu ya mishahara lilimchoma, kwa kuwa saa ileile alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakapunguziwa baadaye.

Muda mrefu haukupita. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Watu wengi wakumbuka zaidi yaliyofuata kesho yake na siku zile, yaani kutwaliwa kwa mabenki na makampuni makubwa. Sisi twaona sehemu iliyowagusa viongozi wenyewe ndiyo iliyokuwa ngeni zaidi, kwa maana serikali nyingi za dunia zimekwisha kutwaa mali za wengine, lakini chama kinachowafunga wakubwa wake ni nadra.

Masharti yalikuwa mafupi, hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuyashika kwa moyo. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, wala asishiriki mambo ya kibepari au ya kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na viongozi waliotajwa hawakuwa mawaziri na wabunge tu. Walikuwamo madiwani, na wakubwa wa mashirika ya umma, na watumishi wa Serikali wa ngazi ya juu na ya kati.

Watu wakayaita masharti haya miiko ya uongozi. Jina hilo lilifaa. Mwiko, kama ajuavyo kila mtoto wa nyumba yenye wazee, hauulizi nia ya moyo. Mtu ambaye ukoo wake una mwiko wa nyama fulani haulizwi kama aliila kwa tamaa au kwa njaa. Huulizwa kama aliila. Tena mwiko hulindwa na majirani. Hauhitaji hakimu wala karani, kwa sababu kila aketiye katika sinia huona mkono wa mwenzake umeingia wapi. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyumba ya kupangisha. Mpangaji alimjua mwenye nyumba, muuza maji alimjua, na balozi wa nyumba kumi alimjua. Mwanakijiji hakuhitaji kuandika barua Dar es Salaam ili ajue diwani wake ana duka au hana.

Mwenye kuandika masharti aliona mbali katika jambo jingine: alisema kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Alijua ya kuwa hisa zaweza kulala usiku chini ya mto wa mke. Lakini watoto hawakutajwa, na mlango huo haukukaa bila wapitaji. Wako waliouza nyumba zao. Wengine waliziandikisha katika amana kwa ajili ya watoto, wasiwe na mamlaka juu yake tena, na jambo hilo lilikubaliwa. Wasomaji wetu wataikumbuka habari ya Samweli, aliyesimama mbele ya Israeli katika uzee wake akawataka wamshuhudie kama alimtwalia mtu ng'ombe au punda, nao wakamshuhudia kwamba ni safi. Maneno yake yalikuwa kweli tupu juu yake mwenyewe. Lakini wanawe aliowaweka kuwa waamuzi huko Beer-sheba walikuwa wakipokea rushwa, na hao ndio waliowafanya wazee wa Israeli waombe mfalme.

Imetupasa kusema pia kwamba miiko iliwaumiza watu ambao si wezi. Bibi Titi Mohamed ndiye aliyewaita wanawake wa Dar es Salaam waingie TANU tangu mwaka 1955, wakati ambapo wasomi wengi waliogopa kazi zao. Alikuwa na nyumba za kupangisha. Azimio lilipotoka hakukubali, akajiuzulu katika Halmashauri Kuu. Wapo waliomlaumu, nasi hatukubaliani nao kabisa. Nyumba yenye vyumba vya kupangisha, kwa watu wa mjini wa pwani, ilikuwa akiba ya uzee, kama ng'ombe walivyo akiba kwa Msukuma na kahawa kwa Mhaya. Sheria iliyosema kiongozi aweza kuwa mkulima, lakini hawezi kupangisha chumba, ilimpendelea mtu wa shamba. Yamkini haikukusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nchi jirani ya Kenya ilichagua njia nyingine. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa taarifa yake, na tangu hapo watumishi wa Serikali waliruhusiwa kufanya biashara na kumiliki mashamba na makampuni huku wakiishika kalamu ya Serikali. Walioitetea walisema kwamba bila hivyo biashara ingebaki mikononi mwa wageni. Kazi ya kuwataka maofisa hao waziandike mali zao ilingoja mpaka sheria ya mwaka 2003, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Tanzania nayo mwaka huohuo wa 1971 ilitoa Mwongozo wa TANU, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi wasiwe na majivuno, wala wasiwe wababe, wala wapenda anasa. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho kwa namba, wakawa wakiwatajia mameneja. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuweka kamati ya kuyasimamia masharti ya uongozi. Ukitazama vema utaona kwamba jambo limeanza kugeuka. Mwiko ukihitaji kamati, majirani wamekwisha kuchoka au wamekwisha kunyamazishwa.

Lililouvunja mwiko hasa ni njaa. Baada ya vita na Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979, bidhaa zilikwisha madukani na shilingi ikapungua nguvu mwaka hata mwaka, mpaka mshahara wa mwezi haukutosha chakula cha mwezi. Mwalimu wa shule alilima bustani, karani alifuga kuku, mke wa mkurugenzi aliuza maandazi na vitenge, na kila mmoja aliita shughuli yake mradi. Je, kuku 300 katika ua wa katibu ni ukulima au ni ubepari? Tukiona mtu anacheka swali hili, twamwambia kwamba maofisa wazima waliliuliza kwa unyofu, wala hawakupata jibu moja.

Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Mwezi wa Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, na humo ikaamuliwa kwamba mwanachama aweza kuwa na hisa, aweza kuwa mkurugenzi wa kampuni, aweza kupokea mishahara zaidi ya mmoja, aweza kupangisha nyumba. Makatazo yale ya Arusha yalifunguliwa moja moja kama vifungo vya kanzu. Walioamua walikuwa na hoja, nasi hatutaki kuzidharau: nchi ilikuwa imekwisha kufungua biashara, na sheria isiyofuatwa na mtu huwafundisha watu unafiki. Lakini namna yake haikutupendeza. Azimio la Arusha lilitangazwa kwa ngoma na matembezi ya miguu, vijana wakitoka mikoani mbali kuliunga mkono. La Zanzibar wananchi wengi walilisikia pembeni, na wengine hata leo hawajui lilisema nini. Nyerere mwenyewe alilisikitikia mpaka alipofariki mwaka 1999, naye alikuwa akisema mbele ya watu kwamba bado alitembea na kitabu cha Azimio.

Kwa miaka minne viongozi hawakuwa na mwiko wala daftari. Ndipo ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995, inayotumika hata sasa pamoja na marekebisho yake. Hii haimkatazi kiongozi kuwa na mali. Yamtaka aseme anayo. Katika siku 30 tangu kushika cheo, na kila mwisho wa mwaka, na tena anapotoka katika cheo, yampasa kuandika tamko la mali zake na madeni yake, na ya mke au mume, na ya watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa, akalipeleka kwa Kamishna wa Maadili. Rais huandika, mawaziri huandika, wabunge na majaji na madiwani huandika. Ofisi inayoyapokea matamko hayo, yaani Sekretarieti ya Maadili, imetajwa katika Katiba, ibara ya 132.

Wako wasemao kwamba sheria hii ni dhaifu kwa kuwa haikatazi. Sisi hatuoni hivyo. Kutaja mali kwaweza kuwa na nguvu kuliko kukataza, kwa maana mtu aliyeandika mwaka wa kwanza kwamba ana nyumba moja, na mwaka wa tano ana tano, amejishuhudia kwa kalamu yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa pili wa uongozi na kupewa shamba mwaka wa tatu anaonekana humo, jambo ambalo miiko ya 1967 haikuliona. Lakini nguvu hiyo yote hutegemea msomaji. Na hapo ndipo sheria ilipojifunga mikono. Daftari limewekwa, nalo mwananchi aweza kulitazama, lakini kwa masharti, wala hakupewa ruhusa ya kwenda kuyatangaza aliyoyasoma. Mtu wa Kasulu au wa Newala, mwenye nauli ya kufika kliniki tu, atalitazama lini?

Sasa tulinganishe na jambo ambalo msomaji wetu amelishuhudia mwenyewe. Sheria yamtaka mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano mkuu wa wanakijiji kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu wote. Sote tumeiona mikutano hiyo. Mama mmoja huinuka akauliza mifuko 20 ya simenti imefika mingapi, na mwenyekiti hujikwaa katika hesabu, na wazee huguna. Wakati mwingine haiitishwi, na kutoitishwa kwake tu ni habari inayoenea mpaka kisimani. Basi mtu wa mwisho katika safu ya uongozi, asiye na mshahara, hutoa hesabu yake chini ya mwembe, na walio juu yake huipeleka yao katika bahasha. Hatujapata kusikia sababu ya tofauti hii iliyoturidhisha.

Mara chache bahasha imefunguka. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995 alizitangaza hadharani mali zake na za mkewe, ingawa sheria haikumlazimisha kuzitangaza hivyo, na watu walipendezwa sana. Alipotoka mwaka 2005 walingoja tangazo la pili, nalo halikuja. Mwezi wa Februari 2016 Waziri Mkuu alitangaza kwamba mawaziri kadhaa hawajarudisha fomu zao za mali na hati za ahadi ya uadilifu, naye akawapa mpaka saa 12 jioni ya siku ileile, kwa amri ya Rais, la sivyo cheo kimekwisha. Fomu zote zilifika kabla ya jua kutua. Wananchi walizijua habari za saa ile, na majina ya waliochelewa, ila yaliyoandikwa ndani ya fomu hawakuyajua.

Kuna mahali pengine ambapo sheria hii huonekana kwa macho, napo ni Baraza la Maadili, linalosikiliza mashauri ya viongozi walioshitakiwa kwa kuvunja maadili. Mwanzoni mwa mwaka 2015 lilikaa Dar es Salaam katika ukumbi wa Karimjee, baada ya shauri la akaunti ya Tegeta Escrow, ambayo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetolewa. Ukumbi ule ndiko lilikokaa Bunge la kwanza la Tanganyika huru. Waliitwa watu waliokuwa wameshika vyeo vikubwa, wakaapishwa, wakaulizwa. Mmoja aliulizwa juu ya shilingi bilioni 1.6 zilizoingia katika akaunti yake ya benki, naye akajibu kwamba zilikuwa msaada kwa ajili ya shule. Maswali yaliulizwa kwa Kiswahili, majibu yakatolewa kwa Kiswahili, na waandishi wa magazeti walikuwa ndani. Mtu yeyote aliyekuwa mjini siku zile, awe mchukuzi au muuza samaki, aliweza kuingia na kuketi katika viti vya nyuma.